TIRAMISU YA CHOKOLETI: TAMU IPITE MOTONI KWANZA

Huenda mtashangaa kuona jina la kitindamlo cha Kiitalia katika ukurasa wetu wa afya. Mmezoea kutusoma tukieleza habari za malaria, kuhara, usafi wa vyoo na chanjo za watoto. Leo tunaingia jikoni. Si kwamba tumeishiwa habari. Siku hizi akina mama na vijana wanajifunza mapishi ya kila aina kupitia simu na televisheni, na wengi hupenda kuandaa kitu cha pekee kwa ajili ya ubatizo, komunyo ya kwanza au harusi. Jambo hilo ni jema. Lakini mapishi mengine yametungwa kwa ajili ya nchi ya baridi, yenye jokofu katika kila nyumba, na yanapofika Kilosa au Mikumi bila kurekebishwa yanaweza kuleta ugonjwa. Tiramisu ni mojawapo.

Tunataka kueleza jambo moja tu: tiramisu ya chokoleti inaweza kutengenezwa nyumbani kwetu, ikawa tamu na isiwe na hatari, mradi mayai na maziwa yake yapite motoni kwanza.

TIRAMISU NI NINI?

Ni kitindamlo kisichookwa. Hupangwa tabaka juu ya tabaka: vipande vya keki kavu vilivyochovywa katika kahawa nzito, kisha krimu laini, kisha keki tena, kisha krimu, na juu kabisa hunyunyizwa unga wa kakao. Jina lenyewe kwa Kiitalia maana yake ni "nivute juu", yaani nipe nguvu, nichangamshe.

Wengi husema kilianzia katika mji wa Treviso, kaskazini mwa Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mkahawa wa Le Beccherie uliokuwa mali ya familia ya Campeol. Mama Alba Campeol na mpishi Roberto Linguanotto ndio wanaotajwa zaidi. Watu wa mkoa jirani wa Friuli hawakubali, wanadai ni chao. Sisi hatutaingia katika ugomvi huo. Linalotuhusu ni kwamba krimu ya asili hutengenezwa kwa viini vya mayai mabichi vilivyopigwa na sukari, vikachanganywa na jibini laini iitwayo mascarpone. Wengine huongeza na ute wa mayai, nao ukiwa mbichi. Hakuna kinachopikwa baada ya hapo. Chakula huingia katika jokofu, kisha huenda mezani.

VITU VYAKE VIKO KARIBU NASI

Msomaji asidhani kwamba hiki ni chakula cha hotelini tu. Tukisimama pale njia panda ya Mikumi na kutazama kusini, barabara inayokwenda Kidatu na Ifakara inatufikisha hadi Mbingu, katika bonde la Kilombero. Huko wakulima wanalima kakao, na tangu mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa ikinunua kakao yao mbichi, kuivundika na kuikausha, kisha kuiuza kwa watengenezaji wa chokoleti wa nje. Mmoja wao ni Dandelion Chocolate wa San Francisco, Marekani. Kwa hiyo chokoleti inayosifiwa mbali inatokana na miti iliyopo ndani ya mkoa wetu wa Morogoro.

Sukari nayo ni ya nyumbani. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ina viwanda viwili vya zamani, Msolwa na Ruembe, na hicho cha Ruembe kimo ndani ya Wilaya ya Kilosa. Kahawa hulimwa katika mikoa mingi ya nchi yetu. Mayai yapo katika kila kijiji, na maziwa huletwa na wafugaji, hasa ndugu zetu Wamaasai na Waparakuyo wanaoishi wilayani Kilosa. Kinachohitaji kufikiriwa, basi, ni namna ya kuvitumia vitu hivi.

HATARI YA KWANZA: YAI BICHI

Katika mayai panaweza kuwa na vijidudu viitwavyo Salmonella. Vingine hukaa juu ya ganda pamoja na kinyesi cha kuku. Vingine huingia ndani ya yai lingali tumboni mwa kuku, kabla ganda halijafungwa. Kwa sababu hiyo, yai linaweza kuwa safi kwa macho, halina ufa wala harufu, nalo lina vijidudu ndani.

Watu wengi hutuambia kwamba yai la kienyeji halina shida. Tunasikitika kusema kwamba kuku wa kienyeji na wa kisasa wote wanaweza kubeba Salmonella. Wengine hulitia yai majini, likizama wanasema ni zima. Kipimo hicho huonyesha kama yai ni la karibuni au la zamani. Hakionyeshi vijidudu.

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa huanza kuugua kati ya saa 6 na siku 3 baadaye: homa, tumbo la kukata, kuhara, wakati mwingine kutapika. Mara nyingi hupona ndani ya wiki moja. Lakini kwa mtoto mdogo mambo ni mengine. Barani Afrika vijidudu hivi mara nyingi huvuka utumbo na kuingia katika damu ya watoto, hasa wenye malaria, utapiamlo, siko seli au virusi vya UKIMWI. Hapo ugonjwa unaweza kuua. Na katika sherehe ya komunyo ya kwanza, ni nani wanaokuwa wa kwanza kulilia kitu kitamu? Ni watoto.

HATARI YA PILI: MAZIWA MABICHI

Kwa kuwa mascarpone haipatikani katika maduka yetu, wengine hujaribu kutumia krimu iliyoenguliwa juu ya maziwa yasiyochemshwa. Tunawasihi wasifanye hivyo. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, ugonjwa wa homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo ambao watu wengi huutibu kama malaria pasipo kupona. Yanaweza kuleta pia kifua kikuu cha ng'ombe. Tena tukumbuke mwaka 2007, mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa ulipofika mkoani kwetu na wananchi wakahimizwa kuchemsha maziwa na kupika nyama ikaive.

Kuchemsha maziwa si dharau kwa mfugaji. Hata ng'ombe anayeonekana mzima anaweza kuwa na ugonjwa, na mwenyewe asijue.

HATARI YA TATU: JOTO NA MUDA

Chakula kilichopikwa vizuri kinaweza kuharibika baadaye. Vijidudu huongezeka upesi katika joto lililo kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Kilosa mjini, mchana wa miezi ya joto, chumba kinaweza kupita nyuzi 30. Kwa kawaida tunashauriwa chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Katika joto kali kama hilo, tuhesabu saa 1 tu. Krimu ya mayai na maziwa iliyopangwa mezani asubuhi, kisha ikasubiri misa, hotuba, zawadi na picha, si chakula tena.

MAHITAJI (WATU 12)

Kwa keki: mayai 4, sukari nusu kikombe cha chai, unga wa ngano robo tatu ya kikombe, chumvi kidogo sana.

Kwa krimu: maziwa lita 2 na nusu, ndimu 3, mayai 2, unga laini wa mahindi wa kutengenezea kastadi (ule mweupe wa kopo) vijiko vya mezani 3, unga wa kakao vijiko vya mezani 2, sukari vijiko vya mezani 5.

Kwa kuchovya: kahawa nzito iliyochujwa, kikombe kimoja na robo, bila sukari.

Kwa kumalizia: unga wa kakao vijiko vya mezani 2. Mwenye chokoleti nyeusi anaweza kukwangua kidogo juu. Akumbuke kwamba mafuta ya kakao huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 34, ndiyo sababu chokoleti hulegea mfukoni. Kwa hali yetu, unga wa kakao ni rahisi zaidi kuutumia.

KAZI YENYEWE

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Pasua kila yai katika kikombe chake kabla ya kuliunganisha na mengine, ili moja likiwa bovu lisiharibu yote. Ukimaliza kushika maganda, nawa tena.

Keki. Piga mayai 4 na sukari kwa kipigio, au kwa uma mbili zilizoshikwa pamoja, mpaka yawe meupe na mazito. Kwa mkono ni kazi ya robo saa, basi pokezaneni. Nyunyiza unga kidogo kidogo huku ukichanganya taratibu. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta. Asiye na oveni afanye kama tulivyozoea: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu juu ya makaa machache, sufuria ya keki ndani yake, mfuniko juu, na makaa mengi zaidi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 25 hadi 30 choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva. Ikipoa ikate vipande virefu kama vidole, uvikaushe juu ya kikaango kikavu mpaka viwe vigumu. Vipande hivyo vikiwekwa katika kopo lenye mfuniko vinakaa siku kadhaa bila shida.

Jibini. Chemsha maziwa lita 2 mpaka yafure na kutokota vizuri. Epua, tia maji ya ndimu vijiko vya mezani 4 au zaidi kidogo, koroga mara moja na uache dakika 10. Utaona mabonge yakijitenga na maji ya kijani hafifu. Chuja kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, ukining'inize nusu saa. Utapata kati ya gramu 300 na 400 za jibini laini. Isage kwa mwiko pamoja na vijiko vichache vya maziwa yaliyochemka, kisha ipitishe katika chujio mpaka iwe laini. Maji yaliyobaki usimwage, yanafaa kupikia uji au kukandia unga wa mkate. Hii si mascarpone halisi, kwa kuwa ile hutokana na krimu. Lakini ni ndugu yake: nayo hutengenezwa kwa kupasha krimu moto, kuigandisha kwa asidi na kuichuja kwa kitambaa.

Krimu. Hapa ndipo penye jambo letu kuu. Changanya mayai 2, sukari, unga wa kastadi na unga wa kakao kwa maziwa kidogo ya baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Maziwa yanayobaki katika ile nusu lita yachemshe, uyamimine polepole juu ya mchanganyiko huo huku ukikoroga. Rudisha vyote motoni. Koroga bila kuacha mpaka krimu iwe nzito na ianze kutoa mapovu makubwa, kisha iache itokote kwa dakika 2 nzima. Tia jibini iliyosagwa, koroga, ngoja mapovu yarudi tena, ndipo uepue.

Wengine wataogopa kwamba mayai yatakatika. Hayatakatika, kwa sababu unga wa kastadi huyakinga. Tena kuna faida ya pili. Ndani ya kiini cha yai mna kitu kinachoyeyusha wanga. Krimu isipotokota sawasawa, kitu hicho hubaki hai, na baada ya saa chache krimu iliyokuwa nzito hugeuka maji. Basi moto ule ule unaoua vijidudu ndio unaoifanya krimu isimame. Wala hauhitaji kipimajoto, macho yanatosha: mapovu ni ushahidi.

Kupoza na kupanga. Weka sufuria ya krimu katika beseni la maji baridi, ubadilishe maji yanapopata joto, huku ukikoroga. Krimu ikipoa, chovya kila kipande cha keki katika kahawa upesi, uhesabu moja, mbili, utoe. Kikikaa zaidi kitameguka. Panga tabaka la keki katika bakuli safi, tandaza krimu, rudia mara ya pili, kisha chekecha unga wa kakao juu.

NYUMBA YENYE JOKOFU NA ISIYO NALO

Mwenye jokofu afunike bakuli na kuliweka ndani saa 4 hadi 6, ili keki inywe kahawa na tabaka zishikane. Iliwe siku hiyo au kesho yake. Umeme ukikatika, asifungue mlango. Jokofu lililofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Likipita hapo, chakula hiki kisisubiri mgeni yeyote.

Asiye na jokofu naye asikate tamaa. Keki aioke siku moja au mbili kabla. Kahawa aichemshe asubuhi. Krimu aipike mwisho kabisa, aipoze kwa maji, apange vyote na kugawa ndani ya saa ile ile. Haitakuwa na ubaridi wa hotelini, lakini utamu utakuwepo. Mtungi wa maji hupunguza joto kidogo tu, hauwezi kuchukua nafasi ya jokofu kwa chakula cha namna hii.

Na anayesafiri kutoka Mikumi kwenda sherehe Kilosa, au anayeshuka kwa treni katika stesheni ya Kilosa, asibebe tiramisu iliyokwisha pangwa. Abebe kopo la keki, kakao na kahawa ya unga, akapike krimu huko huko. Bakuli la krimu lililopakatwa ndani ya basi mchana wa jua ni mzigo wa hatari.

NANI ALE, NA KIASI GANI?

Ukigawa mapishi haya vipande 12, kila kimoja kina gramu 13 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai vitatu na kidogo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kwa mtu mzima, hiyo nusu ni kama vijiko vya chai 6 kwa siku. Kipande kimoja ni zaidi ya nusu ya vijiko hivyo 6, na soda moja baada yake itavuka mpaka. Kwa hiyo tunashauri maji yawe kinywaji cha kusindikiza. Mwenye kisukari aonje kidogo tu na akihesabu katika chakula chake cha siku.

Watoto wasipewe kahawa. Watengenezewe bakuli lao, keki ichovywe katika maziwa ya moto yenye kakao badala ya kahawa. Mama mjamzito anaweza kula, kwa kuwa kila kitu kimepikwa, mradi apunguze kahawa nyingine siku hiyo. Pombe ambayo wengine huitia haikuwemo katika mapishi ya Treviso, na haina sababu ya kuwemo katika bakuli linaloliwa na familia nzima.

MTU AKIUGUA

Mgeni akianza kuhara baada ya sherehe, asicheleweshwe kwa aibu ya mwenyeji. Apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hakuna pakiti, tengeneza: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, aendelee kunyonya, na aombewe vidonge vya zinki katika zahanati. Mtu asinunue dawa za kuua vijidudu dukani kwa kubahatisha. Damu katika choo, homa kali, macho kuingia ndani, kulegea au kushindwa kunywa ni dalili za kukimbia hospitali mara moja, iwe ya Wilaya pale Kilosa, ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, au kituo kilicho karibu zaidi. Na mueleze mganga kila kitu mgonjwa alichokula, hata kama ni kitindamlo ulichojivunia.

Ndugu wasomaji, kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya leo ni dakika 2 za kutokota. Hakuna anayekatazwa kula kitu kitamu siku ya furaha. Kakao ni ya Mbingu, sukari ni ya Ruembe, maziwa ni ya jirani. Kilichobaki ni moto na saa ya ukutani. Tunawatakia mapishi mema.